Mstari wa Mwisho wa Njia ya Nne

Jina la Mita alipewa na wanafunzi wake, naye akalipokea bila kinyongo. Alifundisha michezo kwa miaka thelathini na mmoja katika shule iliyo juu ya mwinuko, na hakuwa mtu wa kukubali maneno kama "pale tu" au "si mbali". Ukimwambia ni mwendo wa dakika kumi, alikuuliza ni mwendo wa nani. Alifunga kitambaa chekundu kwenye njiti moja ya gurudumu la mbele la baiskeli yake, akawa anaikokota polepole huku akihesabu kila kitambaa kinapofika juu, moja, mbili, mpaka maelfu. Watu waliomkuta kati ya mahindi akinong'ona na gurudumu walimwamkia kwa adabu, wakaenda kuchekea mbele.

Kwa hesabu hiyo alipima njia sita za kukimbia. Kila njia aliiandika kwenye karatasi yake, kwa ule mwandiko wa walimu wa zamani ambao hata koma yake imenyooka. Njia ya kwanza ilizunguka mashamba ya alizeti. Ya pili ilipanda mpaka kwenye tangi la maji. Ya nne ndiyo iliyopendwa kuliko zote, maana ilikuwa na kila kitu: ilianzia kwenye kinu cha kusaga nafaka, ikafuata ukingo wa mahindi, ikapita nyuma ya shule, ikateremka ufukweni na kwenda chini ya genge refu la mawe, halafu ikapanda ngazi zilizochongwa kwenye jabali hadi nyumba ya pampu, na kurudi kinuni kupitia malishoni. Mita elfu nane na mia nne.

Kiharusi kilimkuta bafuni asubuhi ya Jumanne, mswaki ungali mdomoni. Alipotoka hospitali wiki tatu baadaye, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "kesho". Ukimsalimia, kesho. Ukimuuliza kama ana njaa, kesho. Daktari alimweleza mkewe kwamba mzee anasikia na kuelewa kama zamani, ila njia ya kutoka kwenye akili mpaka ulimini imekatika, na ile ya kwenda mkononi pia. Akipewa kalamu aliishika kwa mkono wa kushoto, akachora vitanzi kama vya mtoto wa chekechea, kisha akavitazama kwa aibu.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa lori aliyepumzika kwao kila mwisho wa wiki, ndiye pekee aliyethubutu kulifanyia jambo hilo utani.

"Shemeji amekuwa fundi cherehani," alisema. "Suruali yako lini? Kesho."

Mita alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko hakikuwa kimeharibika.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, aliomba uhamisho akarudi nyumbani kumuuguza. Alikuwa mtaalamu wa maabara, akapata nafasi katika hospitali ya mji. Ufuko wa nyumbani hakuujua sana. Tangu ana miaka kumi alisoma shule za bweni, halafu chuo cha mbali. Mama yake naye alikuwa mtu wa bara, na bahari aliitazama kama jirani ambaye hamsalimiani. Binti alianza kukimbia njia za baba yake asubuhi za siku zake za mapumziko, mnamo saa nne, akirudi na mchanga kwenye soksi. Alikaa miguuni pa baba yake na kumsimulia: mahindi yamefika kiunoni, lile kalvati la kwanza limepasuka, mbwa wa pampu amezaa. Mita alisikiliza akiwa amefumba macho. Hizo ndizo zilikuwa saa zake nzuri.

Kazini wakamwonea wivu. Mmoja akaomba kuja naye, wa pili akafuata, na haukupita muda wakawa watu kumi na mmoja, karibu wote watu wa bara, waliokubaliana kukimbia pamoja Jumamosi moja baada ya zamu ya asubuhi. Binti alimpa karani wa masijala ile karatasi ya njia ya nne aichape, kila mmoja apate nakala.

Ijumaa jioni alikuja na nakala moja nyumbani, akaiweka kwenye mapaja ya baba yake apate kuiona. Ilikuwa imepangwa vizuri, jina lake limewekwa juu kwa herufi nzito: Njia ya Mwalimu Mita. Kusoma kulimchukua muda mrefu siku hizi, neno moja moja, kama anayeokota mchele kwenye mawe. Alipofika chini akatafuta mstari wa mwisho, asiuone. Akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe.

Mstari aliokuwa akiutafuta aliuandika mwenyewe, na aliukumbuka neno kwa neno: *Siku za bamvua usipite ufukweni kuanzia saa kumi hadi saa moja jioni, maji hufika gengeni na njia haipo.*

Bamvua ni yale maji makubwa yanayokuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mchanga. Siku nyingine zote bahari hubakisha mchanga wa kutosha chini ya genge. Siku za bamvua asubuhi maji hukimbilia mbali, ukadhani bahari imehama, na jioni hurudi yote. Mita alitazama kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyoning'inia ukutani. Kwenye kisanduku cha Jumamosi kulikuwa na kiduara cheupe cha mwezi mpevu.

"Mnaanza saa ngapi?" mama alikuwa akimuuliza binti kutoka jikoni.

"Saa kumi kamili, kinuni."

Mita akashika mkono wa binti yake. "Kesho," alisema.

"Ndiyo, Baba. Ni kesho."

"Kesho. Kesho!"

"Kesho hiyohiyo. Umefurahi, eeh?"

Akatikisa kichwa kukataa, akanyoosha kidole kwenye karatasi, pale chini palipokuwa wazi. Binti akafikiri anasikitika kwamba hawakuandika miaka yake ya kazi, akasema ataongeza. Mita akanyoosha kidole kwenye kalenda. Mama akaja akifuta mikono, akatazama, akamwambia kliniki ni Jumatatu, asiwe na wasiwasi. Wakamletea kalamu. Alitaka kuandika neno moja tu, maji. Mkono ukachora kitanzi, na kitanzi kingine, na mstari mrefu unaopindapinda. Wakautazama mchoro pamoja, vichwa vikigusana.

"Nyoka?" binti aliuliza. "Kuna nyoka njiani?"

Akatikisa kichwa. Wakamuuliza kama ni njaa, kama ni choo, kama mguu unauma, kama redio imemchosha. Kwa kila swali alikuwa na jibu, ndiyo au hapana, kwa kichwa. Hakuna aliyemuuliza swali lenyewe. Mwishoni alichoka, akaitikia pale alipopaswa kukataa, wakakubaliana kwamba ni uchovu, wakampeleka kitandani.

Jumamosi shemeji alifika saa sita, akaambiwa kwamba mzee hajatulia tangu jana. Akavuta kiti, akakaa naye ana kwa ana kama watu wanaocheza karata. Mita akachukua kikombe cha maji, akayamimina taratibu juu ya meza, maji yakaenea, yakafika kwenye ukuta. Akamtazama usoni. Alikuwa amelifikiria jambo hilo usiku kucha, na aliamini mtu yeyote mwenye macho angelielewa.

Shemeji aliyatazama maji, akamtazama Mita, na kwa kitambo kidogo utani ulimtoka usoni. Kisha akamwita dada yake alete kitambaa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkono wa kushoto nao sasa unatetemeka, Jumatatu wamwambie daktari.

Binti alirudi kutoka kazini saa nane na nusu, akaoga, akavaa nguo za mbio, akaanza kutafuta kiatu. Alipekua chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hata kwenye kapu la nguo chafu. Kiatu cha kushoto kipo, cha kulia hakuna. Mama ndiye aliyekiona, kisigino kikichungulia chini ya blanketi la mzee. Mita alikuwa amekikalia.

Kwanza walicheka, hawakuweza kujizuia. Kisha mama akavuta, na Mita akakikaza kwa mkono wake mmoja wenye nguvu, wakavutana mume na mke waliooana miaka thelathini na nne, mpaka mama akasema kwa ukali aliowahi kuutumia kwa mtoto tu, "Achia! Achia bwana, usinitie aibu." Akaachia.

Binti akapiga magoti mbele yake kufunga kamba. Hakuwa akicheka tena.

"Najua, Baba," alisema. "Unatamani twende wote. Ukipata nguvu tutaenda, mimi na wewe, hata kwa kutembea."

Mita alimshika shavu. Alikusanya kila alichokuwa nacho kifuani, akafungua mdomo, na likatoka lilelile. Binti akasema si kesho, Baba, ni leo. Akambusu kiganja, akatoka na machozi yake. Lango likalia.

Alingoja mkewe aingie jikoni, akasimama. Alishika ukuta, akashika kabati, akafika mlangoni. Sijui alikuwa amekusudia kwenda wapi, labda hata yeye hakujua. Barabara ilikuwa mita arobaini na mbili kutoka pale. Mguu wa kulia ukakataa kuvuka kizingiti, akaanguka kifudifudi kwenye saruji. Shemeji alimbeba kama gunia mpaka kitandani. Mama alimsafisha paji la uso, akatoa kile kidonge cha kutuliza walichopewa hospitali kwa siku mbaya. Mita alikitazama kwenye kiganja cha mkewe. Alimwona alivyokonda, alivyozeeka katika miezi minane ile, na kumtemea kidonge usoni hakuweza. Akameza.

Saa ya ukutani ilipiga kumi. Wameondoka kinuni. Mita mia sita na arobaini mpaka kalvati, wale wenye pumzi mbele, wanene nyuma. Hapo wanashika kushoto, mahindi upande wa mkono wa kulia, njia nyembamba, lazima waende mmoja mmoja. Mita elfu moja mia moja na hamsini mpaka nyuma ya shule. Kidonge kilianza kumvuta vidole vya miguu. Wanateremka. Miti inaisha, upepo unawapiga usoni, mtu lazima atasema pazuri, wote husema hivyo. Mchanga mgumu mita elfu moja mia tano za kwanza, na hapo bado unaweza kurudi. Rudini. Baada ya hapo ni genge, mita mia nane, ukuta upande huu na bahari upande ule, hakuna pa kutokea mpaka ngazini. Alijaribu kubaki macho. Alijiuma ulimi. Alifika nao kwenye jiwe lenye umbo la meza, mita mia sita kabla ya ngazi, na hapo usingizi ukamfunika.

Yaliyotokea chini ya genge aliyajua baadaye, kwa vipande, kutoka kwa watu waliokuwa wakisimuliana mbele yake kana kwamba hayupo.

Walipoingia chini ya genge maji yalikuwa yanagusa viatu tu, wakafurahi, wakayapiga teke. Binti alikuwa mbele na sita. Walifika ngazini maji yakiwa magotini, akageuka kuwahesabu wenzake, akaona wanne wamebaki nyuma sana: wauguzi wawili, karani, na dobi wa hospitali, mtu mkubwa mwenye kicheko kikubwa ambaye siku hiyo ndiyo alikuwa anakimbia kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Aliwapandisha wale sita, yeye akarudi. Alipowafikia, maji yalikuwa kiunoni na yanapigana na ukuta. Wimbi moja lilimnyanyua dobi likamtupa kwenye jabali. Walisikia mfupa.

Mlinzi wa pampu alisikia kelele, akashusha kamba. Wauguzi walipanda, karani akapanda. Dobi hakuweza kupandishwa na mguu ule. Binti alimwegemeza kwenye mwanya wa jiwe, akambana kwa mwili wake, akashikilia kidevu chake juu ya maji. Alikaa hivyo karibu saa nzima. Mwanzoni dobi alimwambia aende, ana wazazi. Baadaye akanyamaza, akawa anapumua tu, na binti akawa anahesabu pumzi zake kwa sauti ili wote wawili wasikie. Mpaka bahari, kwa wakati wake yenyewe, ikaanza kushuka.

Dobi hakufa. Alivunjika nyonga na paja, akalazwa katika hospitali ileile aliyokuwa akiwafulia mashuka, na madaktari walisema atatembea kwa mkongojo. Alikuwa na mke mmoja, na huyo mke kila binti alipokwenda kumjulia hali aligeukia dirishani mpaka aondoke. Dobi mwenyewe alisema, "Dada, ajali haina kinga." Maneno hayo yalimuumiza kuliko lile dirisha.

Siku ya nne karani alikuja nyumbani. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule akiwa ameshika bahasha ya kaki, akatoa karatasi ya zamani yenye mwandiko ulionyooka. Alieleza kwamba alipoichapa ilivuka ukurasa kwa mstari mmoja, na wino wa mashine ulikuwa unakaribia kwisha, akaona mstari wa mwisho ni maelezo tu, siyo njia. Hakuwa mtu wa pwani. Neno lile la bamvua hakulijua, na aliona tabu kuuliza. Alipomaliza kueleza aliomba maji ya kunywa, akapewa, hakuyanywa.

Binti, ambaye siku zote alikuwa akiishia kwenye vipimo, alisoma ule mstari akiwa amesimama. Akausoma tena. Shemeji, aliyekuwa akila, aliacha kula. Akaitazama meza, mahali pale alipopafuta kwa kitambaa, akatoka nje bila kunawa.

Alipoondoka karani, binti alikwenda kukaa miguuni kwa baba yake.

"Ulikuwa unaniambia," alisema. "Tangu Ijumaa ulikuwa unaniambia."

Mita akaitikia kwa kichwa.

"Na sisi tukakupa dawa ulale."

Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtoto huyo. Alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeandika onyo chini kabisa, baada ya mita na kalvati na ngazi, kwa sababu miaka ile aliona fahari zaidi kwa vipimo vyake kuliko kwa bahari ambayo kila mtu wa pale aliijua. Jambo la kufa na kupona huandikwa juu. Mwalimu gani asiyejua hilo? Alitaka kumwambia kwamba kumrudia mtu majini ni jambo ambalo yeye mwenyewe, akiwa na miguu yake miwili, hana hakika kama angelifanya. Binti alikuwa akimwomba msamaha, na yeye alikuwa akimwomba binti. Lakini wa kwanza ndiye pekee aliyesikika. Alimwekea mkono kichwani, ukakaa hapo, mzito.

Binti hakukimbia tena. Jumamosi zake alizipeleka wodini. Nyumbani akawa mtu wa kimya, na Mita akakosa habari za mahindi na za mbwa wa pampu, wala hakuwa na namna ya kuziuliza.

Halafu jioni moja aliingia na mafaili ya baba yake, karatasi zote sita za asili, na kalamu nyekundu. Alisema watu bado wanaziomba njia, hospitalini na shuleni, na hataki karatasi hata moja itoke tena nyumbani bila yeye kuikagua. Atazisoma mstari kwa mstari. Palipo na kasoro au hatari, baba ainue mkono.

Wakaanza. Njia ya kwanza ikapita salama. Ya pili pia, na ya tatu. Ya nne aliiandika upya, onyo likiwa juu kabisa kwa herufi kubwa, naye Mita akaitikia mara tatu. Ya tano ilikuwa ile aliyoipenda yeye mwenyewe, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Haikufika baharini. Ilipita kwenye mabonde mawili, kijito cha kuvuka kwa mawe, na kilima kifupi ambacho ukifika juu yake asubuhi unaona bahari kwa mbali kama kipande cha bati.

"Kutoka kijitoni mpaka mwanzo wa kilima," binti alisoma, macho yakiwa yamechoka, "mita mia nne na ishirini."

Mita akainua mkono. Ilikuwa mia tisa na ishirini. Binti alikuwa ameisoma tisa kama nne.

Binti aliiweka kalamu chini. "Kijito? Hujaa maji?"

Akatikisa kichwa.

"Mawe yanateleza? Kuna shimo? Kuna mbwa? Nyoka? Kuna mtu mbaya?"

Kwa kila swali alikataa, na kila alipokataa alinyoosha kidole kwenye ile namba, na kila aliponyoosha kidole mkono ulitetemeka ukagusa mstari wa juu, au wa chini. Binti aliuliza mpaka sauti ikaanza kumkauka. Mama akaja, naye akauliza yake. Mita akaona hofu ikimpanda mtoto wake usoni, ile ya mtu anayesikia maji nyuma yake, akaamua kuacha. Akaushusha mkono, akatabasamu, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hakuna kitu, si kitu, endelea kusoma.

"Hapana, Baba," binti alisema. "Safari hii nimekusikia."

Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kutoka pembe ya juu mpaka pembe ya chini ya karatasi, na mwingine wa kuukata. Kisha akaiweka kando, akavuta njia ya sita, akaanza kusoma.